Tumkumbuke Mengi kwa kalamu zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nimkumbuke mfanyabiashara wa Tanzania, Dk. Reginald Mengi, aliyefariki dunia Dubai Mei 2, 2019 na kuzikwa kwao Machame, Kilimanjaro.

Akitajwa, watu hukimbilia televisheni yake ya ITV, magazeti yake na utajiri. Mimi namkumbuka kwa kalamu. Miaka ya 1980 madukani kulikuwa kukavu, hata peni ilitafutwa kwa tochi. Mhasibu huyu, mwenye kazi nzuri na mshahara wa uhakika, akaagiza vipande vya peni na kuanza kuziunganisha nyumbani kwake Dar es Salaam. Hebu fikiria: mrija wa wino, ganda, kifuniko, moja baada ya nyingine. Wasomi wengi wangeona kazi hiyo inawashushia hadhi.

Lakini yeye alikulia kwenye kibanda cha udongo, watu na mifugo chini ya paa moja, na hakuona haya kulisema.

Alikuwa pia baba. Mwaka 2005 alimzika mwanawe Rodney, msiba uliomwumiza sana. Bado kila mwaka aliwaalika watu wenye ulemavu kwa chakula cha mchana, akaketi nao mezani.

Ombi langu: waandishi wako wawatafute waliounganisha peni zile za mwanzo. Wahojiwe wangali hai, maana historia ya viwanda vyetu imeandikwa kidogo mno.

Msomaji wako,
Moshi