Kabla hujaita kijiko: nyumba ya miaka ya 60 ibaki au ivunjwe?

Simu nyingi tunazopokea ofisini zinaanza hivi: "Fundi, tuna nyumba ya wazee Upanga, njoo utupigie hesabu ya kuivunja." Yaani mtu kashaamua, kilichobaki ni bei tu. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia imechoka, inavuja, silingi imeota madoa meusi, nondo zimeanza kuchungulia barazani, na kuna dalali kaleta mwekezaji anataka kuingia ubia, ajenge ghorofa halafu familia ipewe apatimenti mbili tatu. Sina ugomvi na ghorofa, na kazi ya kuvunja tunafanya pia, ila nimeshaona nyumba zikivunjwa kwa tatizo ambalo fundi bomba angelimaliza kwa wiki moja. Ndo maana nimekaa kuandika hii, ili ukitupigia ujue tunakuja kuangalia nini, na kwa nini siku ya kwanza hatukupi bei ya kuvunja.

Nyumba ninazozungumzia si zile za Wajerumani za kuta nene na paa la vigae, wala si nyumba za Kiswahili za ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Ni zile zilizojengwa kuanzia miaka ya 50 mpaka mwanzoni mwa 70, Upanga, Oysterbay, Regent Estate na miji mingine pia, zenye paa bapa la zege, baraza ndefu, ukuta wa tofali za matundu, madirisha ya luva, sakafu ya terazo na ngazi ambayo ukiitazama kwa pembeni kama inaelea hewani. Marekani mtindo huu una jina lake, mid-century modern, na wapenzi wake, mtu anauza nyumba kwa sifa ya aliyeichora. Kwetu inaitwa "nyumba ya Mhindi" au "kota ya serikali" basi, imeisha hiyo.

Na waliozichora walikuwepo, wengine ni wa hapahapa. Anthony Almeida alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1921, akaenda kusoma Bombay, akarudi nyumbani na kufanya kazi hapa miaka mingi sana, ile Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi ni mkono wake. Beda Amuli alisomea Haifa, Israel, akaja kuchora soko la Kariakoo la miaka ya 70, lile lenye paa la miamvuli ya zege. Soko lile lilipoungua Julai 2021 halikubomolewa, lilikarabatiwa. Huwa nawakumbusha wateja hilo, kwa sababu mtu anakuja na nyumba yenye ufa barazani anasema haitengenezeki, wakati jengo lililopita kwenye moto limesimama.

Sasa niwape mfano wa nyumba moja ya Upanga, nimepata ruhusa ya familia kuisimulia bila kutaja jina. Baba mwenye nyumba aliinunua miaka ya 70 kwa Mhindi aliyekuwa anahamia Kanada na familia yake. Wazee wote wawili wametangulia mbele ya haki, wamebaki watoto sita, msimamizi wa mirathi ni dada mkubwa, na wanne kati ya sita wanataka ivunjwe. Tulivyofika dada mkubwa akatuambia, "Wanangu, mimi sina msimamo, nataka tu nijue ukweli, maana kila fundi akija ananiambia lake." Nilimwelewa kabisa. Fundi wa bati atakwambia paa baya, wa kuvunja atakwambia vunja, kila mtu anaona kile anachokiuza.

Tukaanza kwa kukaa tu sebuleni. Kweli, tulikaa. Ilikuwa saa nane mchana mwezi wa pili, Dar ya mwezi wa pili mnaijua, na umeme ulikuwa umekatika, lakini mle ndani kulikuwa na upepo. Si feni, upepo. Nyumba imelazwa pande zake ndefu zikatazama kaskazini na kusini, ukuta wa mashariki na wa magharibi hauna dirisha hata moja, kwa hiyo jua la asubuhi na la jioni, ambalo ndilo linalopika vyumba vyetu vya sasa hivi, linagonga ukuta mtupu. Halafu sebule imetobolewa pande mbili, huku luva, huku tofali za matundu kutoka chini mpaka juu, kaskazi ikivuma inaingilia huku inatokea kule, kusi nayo vilevile kwa upande wake. Aliyeichora hakuwa na AC, alikuwa na jua na pepo mbili, akavitumia. Ukivunja hiyo ukajenga boksi la vioo la aluminiamu linalotazama magharibi, ujue umejipa bili ya umeme ya maisha, na hiyo ni hesabu ambayo haimo kwenye karatasi ya yule mwekezaji.

Hicho ndicho kitu cha kwanza tunachoangalia: je, nyumba bado inafanya kazi aliyoipanga mchoraji? Kama mtu alishaziba tofali za matundu, akajenga vyumba viwili barazani, akabandika vigae juu ya terazo na kung'oa luva zote, basi kinachobaki mara nyingi ni nyumba ya kawaida tu iliyozeeka, na siwezi kukudanganya kwamba ina thamani ya pekee. Ila kuziba kunaweza kuzibuliwa. Ile ya Upanga baraza la nyuma lilikuwa limezibwa na ukuta wa inchi tano, tukautoboa kidogo, tofali za matundu zote zilikuwa humohumo nyuma yake, nzima. Dada mkubwa aliingiza kidole kwenye tundu moja akanyamaza kimya, halafu akasema walikuwa wanachungulia hapo kumwangalia baba akirudi kazini.

Cha pili, na hapa ndipo watu wanapoogopa sana, ni zege. Nondo ikionekana haina maana nyumba nzima imeoza. Zege jipya lina ukali fulani kama wa chokaa, ukali huo ndo unaoilinda nondo isishike kutu, lakini hewa ukaa inaingia taratibu miaka na miaka inaupunguza kuanzia nje kwenda ndani, ikishafika kwenye nondo na unyevu ukiwepo basi kutu inaanza, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inavimba na kulipasua zege kwa nguvu. Sisi tunachofanya tunapitisha nyundo ndogo kila mahali tunasikiliza, palipo pazima panalia kama jiwe, palipoachia panalia kama debe. Halafu tunatoboa sehemu chache na kupuliza dawa ya maabara isiyo na rangi, zege ambalo bado lina nguvu ya kulinda nondo linageuka waridi la kukolea palepale, lililokufa linabaki lilivyo. Unaona kwa macho yako, huhitaji kuniamini mimi.

Pale Upanga vile vikinga jua vya nje, mapanga membamba ya zege juu ya madirisha, havikugeuka rangi kabisa, vimekwisha vyote, nondo zake zilikuwa karibu sana na uso. Lakini nguzo, bimu na slebu ya paa (lile bamba la zege) viligeuka waridi kuanzia karibu sana na uso, nondo ziko ndani kabisa zimelala salama. Na kuvuja je? Kwenye nyumba hizi za paa bapa maji ya mvua mara nyingi yanashuka kwa bomba lililofichwa ndani ya nguzo. Tukapanda juu tukakuta fundi wa miaka ya nyuma kamwaga sakafu mpya ya simenti juu ya paa na kuifunika midomo miwili kati ya mitatu ya mabomba hayo, huo mmoja uliobaki umejaa majani ya mwarobaini wa jirani. Paa lilikuwa bwawa kila masika. Miaka yote hiyo familia inapaka rangi silingi, kumbe maji yamekaa juu hayana pa kwenda.

Kwa hiyo tuliwaandikia: mifupa ni mizima, vikinga jua vivunjwe vimwagwe upya kwa vipimo vilevile, midomo ya paa ifunguliwe na paa lipigwe membreni (tabaka la kuzuia maji), nyaya zote zibadilishwe maana zile ni za zamani na ni hatari, mabomba ya chuma yang'olewe. Haikuwa bei ndogo, sitasema ilikuwa ndogo. Ila walipoiweka pembeni ya gharama ya kuvunja, kubeba kifusi na kuanza msingi upya, wawili kati ya wale wanne wakabadili mawazo.

Lakini kuna nyumba nyingine, hii ilikuwa karibu kabisa na bahari, na kwa uzuri iliishinda ya Upanga mbali sana. Ngazi ya terazo ya kuzunguka, mlango wa mninga, ukuta wa mbele wote matundu. Tulivyokata kipande cha zege nikaona vitu vyeupe vinang'aa, nikavisugua na kidole, vipande vya kombe. Mchanga wa bahari. Ile dawa iligeuka waridi vizuri tu, na mtu asiyejua angesema zege zima, ila dawa hiyo haioni chumvi, chumvi lazima upeleke unga wa zege maabara. Majibu yalirudi mabaya, chumvi imo ndani ya slebu zote mbili na kwenye nguzo, na nondo zilikuwa zinaliwa kutoka ndani. Zege la namna hiyo utaziba hapa litapasuka pale, unamlipa fundi kila mwaka mpaka siku slebu ishuke na watu chini yake. Hapo nilimwambia mzee mwenye nyumba, vunja. Iliniuma, lakini ndo kazi. Tulikaa siku nne tunaipima na kuichora nyumba yote, tukaipiga picha kila kona, tukatoa mlango, luva za mbao na tofali za matundu zaidi ya mia mbili zikiwa nzima, mzee kazitumia kwenye ukuta wa nyumba mpya.

Watu wengi wananiuliza kuhusu sheria, wanaogopa serikali itawazuia. Kwa ufupi, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1886, hayo mengine mpaka yatangazwe rasmi. Nyumba ya 1961 haimo isipokuwa imetangazwa. Marekani wanatumia kipimo cha kawaida cha miaka 50 kwenye rejista yao ya taifa ya majengo ya kihistoria, na hata hivyo kuandikwa kwenye hiyo rejista peke yake hakumzuii mwenye nyumba kuvunja kwa hela yake. Mwaka 2002 kule California nyumba iliyochorwa na msanifu maarufu Richard Neutra, ya 1962 tu, ilinunuliwa na kubomolewa ndani ya muda mfupi sana. Kwetu vivyo hivyo, asilimia kubwa ya uamuzi uko mikononi mwako wewe mwenye hati. Unachohitaji ni kibali cha manispaa, na kabla ya hapo hakikisha hati iko kwa jina gani, maana mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba nyingi za kupangisha, zikaenda kwa Msajili wa Majumba na baadaye zikaangukia Shirika la Nyumba la Taifa, tumewahi kukuta familia inagombania kuvunja nyumba ambayo kiukweli ni wapangaji.

Jambo moja la usalama na naomba mlishike. Kama paa ni la yale mabati ya kijivu ya asbesto, msiruhusu vijana wapande kuyavunja na nyundo. Likiwa zima limetulia halina shida kubwa, ni vumbi lake likivunjwa ndilo linaloingia kwenye mapafu na madhara yake yanakuja baada ya miaka mingi. Linalowanishwa, linatolewa bati zima zima, linafungwa, na linapelekwa panaporuhusiwa.

Kuna nyumba moja tuliitwa tukachelewa. Mteja alitupigia Ijumaa, tukasema Jumatatu, tukafika Jumatatu kijiko kimeshaingia tangu Jumamosi. Nilisimama juu ya kifusi nikaokota kipande cha bimu, nikapuliza dawa kwa mazoea tu. Kikageuka waridi chote mpaka pembeni. Tangu siku hiyo mtu akipiga kuhusu nyumba za umri huu tunaenda siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, hata kama ni Jumapili.

Ukituita andaa hivi: nakala ya hati, ramani ya zamani kama ipo (angalieni kwenye masanduku ya wazee, mara nyingi imekunjwa humo pamoja na risiti), picha za familia zilizopigwa nje ya nyumba maana zinatuonyesha ilivyokuwa mwanzo, na ngazi ya kupandia juu ya paa. Kama kuna mzee aliyeishi humo tangu zamani naye awepo, atatuambia maji yanaanzia wapi masika yakianza. Na tafadhali, mkishajua tunakuja, msizibe nyufa wala msipake rangi silingi ili ionekane safi, yale madoa tunayahitaji yalivyo.