Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Sayansi ya Nyuklia na Maisha Yetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima, sisi wanachama wa Klabu ya Sayansi tunakukaribisha na kukushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Mwaka huu tumejifunza sayansi ya nyuklia, na tuna jambo moja kubwa la kukueleza: popote mionzi inapotumika, aliye karibu nayo ana haki ya kuambiwa ukweli wote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wakisikia neno nyuklia hukumbuka Hiroshima na Nagasaki, Agosti 1945, wala hawakosei. Hata hivyo, sayansi hii ni ya zamani kuliko bomu. Mwaka 1896, mjini Paris, Henri Becquerel aligundua kwamba chumvi ya urani, madini yanayotoa mionzi isiyoonekana, huacha alama kwenye bamba la picha lililofungwa vizuri lisipate mwanga. Leo bomba la sindano la kutumia mara moja mara nyingi huuliwa vijidudu kwa mionzi ya kobalti-60, aina ya metali inayotoa mionzi, likiwa ndani ya pakiti yake. Takribani sehemu moja ya kumi ya umeme wa dunia hutoka kwenye vinu vya nyuklia. Hata miilini mwetu, sote tulioketi hapa, mna potasiamu-40 inayotoa mionzi kidogo usiku na mchana.

Kilichotugusa zaidi ni kazi ya sayansi hii hospitalini. Daktari anayetaka kujua kama saratani imefika kwenye mifupa humchoma mgonjwa dawa iliyoambatanishwa na teknetiamu-99m, elementi inayotoa mionzi, kisha kamera maalumu husoma mionzi inayotoka mwilini. Nusu ya teknetiamu hiyo hupotea kila baada ya saa 6, kwa hiyo haiwezekani kuiweka stoo. Hospitali hununua molibdenamu-99 iliyo ndani ya kasha zito la madini ya risasi. Molibdenamu hiyo hugeuka teknetiamu polepole, na asubuhi mtaalamu hupitisha maji ya chumvi ndani ya kasha na kuitoa teknetiamu iliyojikusanya usiku. Baada ya wiki moja hivi kasha huwa limechoka, linaletwa jingine. Usafiri ukikwama, wagonjwa hukosa kipimo.

Kuna pia habari ya mbung'o wa Unguja, ambayo tunaona kila mwanafunzi anapaswa kuijua. Mbung'o walilelewa maabara kwa wingi, madume wakapigwa mionzi ya gama hadi wakawa tasa, kisha wakaachiwa kutoka kwenye ndege. Kwa kawaida jike hupandwa mara moja tu maishani, hivyo aliyekutana na dume tasa hakuzaa tena. Kufikia mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina mbung'o.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maarifa haya yalilipiwa kwa miili ya watu. Marie Curie, mwanasayansi aliyegundua poloniamu na radiamu, elementi zinazotoa mionzi, pamoja na mumewe Pierre mwaka 1898, alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na mionzi aliyoishi nayo. Yeye walau alikuwa akitafuta alichokichagua. Wasichana wa viwanda vya saa nchini Marekani hawakuchagua. Walipaka namba za saa kwa rangi ya radiamu ili zing'ae gizani, na walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Waliambiwa rangi ile haina madhara. Taya zao zikaoza, wengine wakafa. Watano walikwenda mahakamani, na mwaka 1928 shauri likamalizwa kwa fidia. Vivyo hivyo, sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, Kongo, na wachimbaji hawakuambiwa mawe yale yanakwenda kufanya nini.

Kinga yenyewe haina fumbo: punguza muda, ongeza umbali, weka kizuizi. Ukisogea mara mbili ya umbali kutoka kwenye chanzo kidogo, mionzi inayokufikia hubaki robo. Binti wa kiwanda cha saa angeelewa hesabu hiyo, lau angeelezwa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba mambo mawili. Kwanza, utusaidie kupata kipima mionzi kimoja, ili tuache kusoma kuhusu mionzi vitabuni tu na tuanze kuipima. Pili, na hili ndilo tunaloliombea zaidi, utumie nafasi yako kuhimiza kwamba kila anayefanya kazi na mionzi, akiwemo anayefagia chumba hicho, avae beji ya kupimia kiwango anachopokea, na asomewe matokeo yake kwa lugha anayoielewa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Sayansi