Waliofurikiwa Malawi hawana shida ya makoti

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti hili miaka mingi bila kuandika hata mstari, lakini habari yenu ya lori la misaada lililoagwa hapa Moshi kwenda kwa waathirika wa mafuriko Malawi imenishinda. Mmetupa picha ya viroba vilivyojaa hadi juu. Hamkuuliza ndani mna nini.

Siku ya kufungasha kilifunguliwa kiroba kimoja: makoti mazito ya baridi, viatu visivyo na wenzake, na chupa ya dawa ya kikohozi iliyonywewa nusu. Kikashonwa tena, kikapakiwa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka dawa ya msaada ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake, na dawa iliyokwisha kupewa mgonjwa haipelekwi kabisa. Huko inakokwenda, lazima mtu aache kugawa maji ili achambue na kuteketeza takataka zetu.

Kimbunga Freddy kilipoipiga Malawi Machi 2023, nchi ilikuwa tayari katikati ya kipindupindu kilichoua watu zaidi ya 1,700. Mafuriko yanajaza vyoo, vyoo vinamwagikia visimani, na kinachofuata tunakijua. Kidonge kimoja cha klorini cha miligramu 67 kinatibu ndoo ya lita 20 ya maji maangavu. Maji yakiwa na tope, yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, tia vidonge viwili, funika, subiri nusu saa. Wengi wanaruka hatua ya kuchuja. Tope linaimaliza klorini kabla haijaua vimelea, na familia inakunywa ikiamini maji ni salama. Ndoo nayo iwe na mfuniko na koki, kwa sababu kikombe kikizamishwa na mkono mchafu, kazi yote imeharibika. Ongezeni pakiti za ORS, yaani chumvichumvi za kurudisha maji mwilini kwa mwenye kuhara, moja kwa lita moja ya maji safi. Vidonge vya mwezi mzima kwa kaya moja vinaenea mfuko wa shati, halafu sisi tunachoma dizeli hadi Kasumulu, mpakani na Malawi, kusafirisha makoti!

Na kujiandaa je? Bangladesh kimbunga cha 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Wakaunda vikundi vya kujitolea vijijini, wakawapa vipaza sauti na bendera za kupandisha kadiri hatari inavyokaribia, wakajenga makimbilio juu ya nguzo. Kimbunga Sidr cha 2007 kilikuwa kikali mno, lakini waliokufa walihesabiwa kwa maelfu machache. Jirani zetu Arusha, Aprili 2024, gari la shule lilisombwa na maji kwenye korongo. Makorongo yale tunayafahamu wote, na mvua ikinyesha usiku bado hakuna wa kusimama kivukoni asubuhi kuzuia magari.

Kila mtaa wenye korongo upewe vipaza sauti viwili, betri za akiba, kamba ya kufunga njia, na daftari lenye majina ya wazee na walemavu wa kubebwa kwanza, likae kwa mwenyekiti. Na lori lijalo likiagwa, Mhariri, chapisheni orodha ya mzigo, kiroba kwa kiroba, kabla ya picha.

Msomaji wenu,
Moshi