Uso wa gari nao ukaguliwe, si breki peke yake

Mhariri,

Kila mwenda kwa miguu anapogongwa, mjadala unaofuata huwa ni ule ule: dereva alikuwa na mwendo kasi, au aliyegongwa alivuka pasipo na kivuko. Yote mawili yana uzito. Lipo hata hivyo swali la tatu ambalo ni nadra kulisikia, iwe magazetini au kwenye vituo vya ukaguzi. Gari lenyewe, pale mbele linapokutana na mwili wa binadamu, limeundwaje, na limefungwa nini? Naomba nafasi nilieleze.

Mtu mzima akigongwa na gari dogo, bampa humpiga mguuni karibu na goti, ukingo wa boneti humpata kwenye paja au nyonga, kisha kiwiliwili hulala juu ya boneti na kichwa huishia kwenye bati au kwenye kioo cha mbele. Mtoto ni mfupi, kwa hiyo kichwa chake hutua sehemu ya mbele ya boneti. Bati lenyewe si hatari sana, maana hubonyea. Hatari ipo pale linapobonyea sentimita mbili tatu tu likakutana na kitu kigumu: injini, betri, bawaba za boneti, kichwa cha shokapu au mhimili wa waipa. Kichwa kinachotua kwa kilomita 35 kwa saa kinahitaji takriban sentimita 7 au 8 za kubonyea ili kipunguze mwendo bila ubongo kuumia vibaya. Mwenye kufungua boneti akapima pengo hilo kwa rula ataona ni magari gani yana nafasi hiyo na ni yapi hayana.

Kanuni namba 127 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutumika mwaka 2012, inapima jambo hilo hilo. Maabara hurusha kwenye boneti kichwa bandia cha mtoto chenye uzito wa kilo 3.5, na cha mtu mzima chenye kilo 4.5, kwa mwendo wa kilomita 35 kwa saa. Mguu bandia nao hurushwa kwenye bampa kwa kilomita 40 kwa saa. Vipimo vilivyomo ndani ya kichwa hutoa alama inayojumlisha ukali wa mshindo na muda wake. Katika sehemu kubwa ya boneti alama hiyo isizidi 1,000, na katika sehemu inayobaki isizidi 1,700. Ni kanuni nzuri. Udhaifu wake uko kwenye magari iliyoyaacha nje. Inahusu magari ya abiria yenye viti visivyozidi vinane mbali na cha dereva, pamoja na magari mepesi ya mizigo, na hata kati ya hayo ya mizigo inayasamehe yale ambayo dereva ameketi juu au karibu ya ekseli ya mbele. Basi dogo la abiria lenye uso wima, linaloshinda kutwa nzima likipenya katikati ya watu vituoni, halimo. Lori halimo.

Uso wima unadhuru kwa namna yake. Mtu halali juu ya boneti, bali hupigwa kifuani au kichwani moja kwa moja, akasukumwa mbele na chini, mahali ambapo magurudumu yanamfuata. Hali ni hiyo hiyo kwa magari makubwa ya kifahari na pikapu zilizoinuliwa. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2023 na IIHS, taasisi ya Marekani ya bima na usalama wa barabara kuu, ulionyesha kuwa gari lenye boneti iliyo juu ya mita 1 kutoka ardhini lina uwezekano wa takriban asilimia 45 zaidi wa kumuua mwenda kwa miguu linayemgonga, likilinganishwa na gari lenye boneti ya sentimita 76 au chini ya hapo na yenye mteremko.

Sasa tuje kwenye vile vyuma vya mabomba vinavyofungwa mbele ya bampa. Hapa sina maneno ya kupamba: kwenye barabara za mijini viondolewe. Mtengenezaji ametumia fedha na miaka kuhakikisha bampa linabonyea, halafu fundi anafunga bomba la chuma kwa boliti nne kwenye chesisi, na kazi yote ile inafutika kwa mchana mmoja. Bomba halibonyei. Nguvu yote inaingia kwenye mfupa wa paja la mtu mzima au kwenye fuvu la mtoto, tena katika eneo dogo lenye upana wa bomba tu. Hata waliomo ndani ya gari hawafaidiki kama wanavyodhani, kwa sababu chuma kilichofungwa kwenye chesisi kinaweza kubadilisha namna mshindo unavyofika kwenye vihisi vya mifuko ya hewa. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria mwaka 2005 kwamba kinga ya aina hiyo haiuzwi mpaka ifaulu vipimo vya usalama wa waenda kwa miguu. Si lazima nchi nyingine ianzishe maabara kwa ajili hiyo. Inatosha kanuni iseme kuwa kinga isiyo na cheti cha vipimo hivyo haipiti ukaguzi.

Taa nazo zina jambo lisilozungumzwa. Mwanga wa chini wa taa za mbele haukatiki sawasawa pande zote. Hupanda kidogo upande wa ukingo wa barabara ili umulike anayetembea pale. Gari lililoundwa kwa nchi inayoendesha kulia likiletwa kwenye nchi inayoendesha kushoto bila kubadilishiwa taa, mwanga ule hupanda upande usiofaa: unampiga machoni dereva anayekuja, na ukingo wanakopita watu unabaki gizani. Balbu za LED zikipachikwa ndani ya taa iliyoundwa kwa balbu za halojeni huleta shida ya jamaa hiyo, kwa kuwa chanzo cha mwanga hakikai pale kioo cha ndani kinapokitarajia, hivyo mwanga hutawanyika. Kulibaini ni rahisi. Gari lisimamishwe mita 10 kutoka ukuta ulionyooka, kwenye sakafu iliyo sawa, tairi zikiwa na upepo unaotakiwa. Mstari wa kukatika kwa mwanga uwe sentimita 10 hivi chini ya kimo cha katikati ya taa, na upande unaopanda uwe ule wa ukingo.

Kuhusu mwendo nitaongeza hesabu moja tu. Dereva wa kawaida huchukua kama sekunde 1 tangu aone hatari hadi mguu wake ukandamize breki. Kwa kilomita 30 kwa saa, gari husafiri mita 8 katika sekunde hiyo, kisha kwenye lami kavu likahitaji mita 5 hivi kusimama, jumla 13. Kwa kilomita 50, sekunde hiyo peke yake imekula karibu mita 14. Maana yake mtoto akichomoka mita 13 mbele, dereva wa kwanza anasimama mbele yake, na wa pili anamgonga kwa kilomita 50 kamili, kwa kuwa breki bado haijashika. Kilomita 20 hizo ndizo zinazobishaniwa kila panapopendekezwa kikomo cha 30 karibu na shule na masoko.

Kwa hiyo fomu ya ukaguzi, ambayo tayari ina breki, tairi, usukani na moshi, iongezwe uso wa gari: vyuma vya ziada, mwelekeo wa taa, na kwa magari yanayoingizwa nchini, uthibitisho wa kanuni 127 kwa yale yanayohusika nayo. Kwa mabasi madogo, ambayo kanuni hiyo haiyagusi, mamlaka zitunge sharti lake lenyewe, angalau kioo au kamera inayomwonyesha dereva eneo lililo chini ya pua ya gari kabla hajaondoka kituoni.

Gereji nazo zihusishwe. Nyuma ya ganda la plastiki la bampa, kabla ya kufika kwenye boriti ya chuma, magari mengi yana sponji ngumu nyeupe au nyeusi inayofyonza mshindo wa mguu. Gari likigonga kitu, sponji hiyo hupasuka, na kwa kuwa haionekani kwa nje, mara nyingi hutupwa. Ganda likapigwa rangi na kurudishwa juu ya chuma kitupu. Gari linang'aa, lakini goti la mtu litakutana na boriti. Mkaguzi hahitaji mashine kulijua hilo. Achungulie kwa tochi kupitia matundu ya grili ya chini, na kama gari la aina hiyo hutoka kiwandani na sponji naye akaona boriti tupu, gari lirudi gereji.