Harambee ya ukuta wa mto: mchanga ubaki, maji yabaki

Kwa waumini wote, majirani wa ng'ambo zote mbili za mto, wazazi wa shule ya msingi, na wana wa Makueni mlioko Nairobi, Mombasa na nchi za mbali: tunawasalimu katika jina la Bwana.

Kamati ya maji ya kanisa inawaalika kwenye harambee Jumapili ya pili ya Juni, baada ya ibada ya pili. Tunatafuta shilingi 1,038,180 za kujenga bwawa la mchanga, yaani ukuta wa kuzuia mchanga na maji yaliyo ndani yake, kwenye kijito chetu kinachoingia mto Kaiti. Ni pesa nyingi, na anayeombwa pesa nyingi ana haki ya kujua kila shilingi inakwenda wapi. Ndiyo maana barua hii ni ndefu.

Mto wetu hutiririka wiki chache tu kwa mwaka. Mgeni akiupita mwezi wa Agosti huona mchanga mtupu. Lakini mchanga wa chembe kubwa una nafasi nyingi ndani yake, na karibu robo ya ujazo wake huwa ni maji yanayoweza kuchotwa. Jua haliyapati kwa urahisi. Maji yakiwa sentimita 60 chini ya uso wa mchanga, yanayopotea kwa mvuke ni machache mno, ilhali bwawa la wazi katika joto la huku hupoteza kina kinachokaribia mita 2 kwa mwaka. Kwa hiyo mchanga ndio tangi letu. Na tangi hilo limekuwa likipakiwa kwenye malori.

Fanyeni hesabu hii pamoja nasi. Lori la tani 7 hubeba mchanga wa mita za ujazo 4 na kidogo. Robo yake ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Kila lori lililoondoka limetunyang'anya nafasi ya mitungi 50, na si mara moja: ni kila msimu wa mvua ambao mchanga ule ungejaa tena. Hasara kubwa zaidi haionekani kwa macho. Kitanda cha mto kikishuka mita moja, maji yaliyo ndani ya kingo nayo hushuka yakikifuata. Kisima cha mtu kilicho hatua 50 kutoka mtoni hukauka, naye hudhani ni ukame. Kaunti yetu ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na imesaidia, lakini sheria hairudishi mchanga uliokwisha kwenda.

Wapo watakaouliza kwa nini tusichimbe kisima kirefu cha mashine. Tumelifikiria. Chini yetu ni mwamba mgumu wa kale, na maji hupatikana tu penye nyufa. Ukikosa ufa umepoteza pesa zote. Ukiupata, mara nyingi maji yana chumvi, na yakivutwa haraka kuliko mvua inavyoyarudisha, kisima hufifia baada ya miaka michache. Hatari hiyo si yetu peke yetu. Setilaiti za GRACE, zilizorushwa mwaka 2002 kupima uzito wa maji yaliyo ardhini, ziliwawezesha watafiti kutangaza mwaka 2015 kwamba kati ya hifadhi 37 kubwa kabisa za maji ya chini ya ardhi duniani, 21 zinatolewa maji kupita yanayoingia. India ya kaskazini-magharibi na mashamba ya kati ya Marekani wanavuta maji ambayo wajukuu wao hawatayakuta. Sisi tuna bahati moja: hifadhi yetu ni ndogo, na hujaa upya kwa mvua ya siku tatu, mradi kuna kitu cha kuuzuia mchanga.

Kitu hicho ni ukuta. Mahali tulipopachagua, mto una upana wa mita 20, na nondo ya kupimia iliyogongwa kila baada ya mita 2 ilifika kwenye mwamba kwa kina cha wastani wa mita 1.5. Mikuyu mitatu imesimama ukingoni, na mkuyu hauoti pasipo na maji karibu. Ukuta wa mawe utaanzia juu ya mwamba wenyewe na kupanda mita 2 juu ya mchanga wa sasa. Unene wake ni mita 2.2 chini na mita 1 juu. Mabawa, yaani ncha mbili za ukuta, yataingia mita 9 ndani ya kila ukingo. Mbele yake, pale maji yatakapoangukia, patatandikwa mawe kwa saruji, upana wa mita 3.

Mabwawa ya aina hii yapo kwa mamia Ukambani, hasa Kitui, na yaliyoharibika yametufundisha kuliko yaliyosimama. Ukuta usiofika kwenye mwamba hupitisha maji chini yake, yakibeba chembe za udongo kidogo kidogo hadi pakatokea tundu, na unabaki ukuta mzuri usio na maji. Bawa likiwa fupi, mto hulizunguka na kukata njia mpya ukingoni kwa mvua moja kubwa. Pasipo sakafu ya mbele, maporomoko huchimba shimo na ukuta huinama. Lakini kosa linalofanyika zaidi ni haraka. Ukuta ukipandishwa wote kwa mara moja, maji hutulia nyuma yake na kuangusha tope laini, na tope hushika maji bila kuyaachia. Kwa hiyo tutajenga kwa awamu mbili. Mwaka wa kwanza ni msingi, mabawa, sakafu na mita moja ya ukuta. Mafuriko yatapita juu kwa kasi yakiliondoa tope, na kuacha mchanga mzito. Mita ya pili itafuata mchanga ukishajaa.

Ujenzi mzima ni mita za ujazo 160 za mawe na saruji, kwa mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 4. Tunahitaji mifuko 450 ya saruji, ambayo kwa shilingi 800 hadi kufika mtoni ni 360,000. Tutainunua mifuko 150 kwa wakati, kwa sababu saruji iliyokaa ghalani zaidi ya miezi mitatu hupoteza nguvu. Seng'enge roli 3, za kulazwa ndani ya ukuta kila nusu mita ili usipasuke, ni 19,500. Nondo 12 za Y12 (unene wa milimita 12), zitakazosimikwa kwenye matundu yaliyotobolewa mwambani, ni 16,800. Fundi mkuu na mafundi watatu kwa siku 35 ni 227,500. Michoro ya mhandisi na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji vimekadiriwa 85,000. Bila kibali hatutaweka hata jiwe moja. Mbao, kamba na karatasi za nailoni ni 40,000. Kisima cha ukingoni chenye pete za zege, mfuniko na pampu ya mkono ya Afridev ni 165,000. Miche na nyasi za kushika kingo ni 30,000. Jumla ni 943,800, na asilimia 10 ya dharura inatufikisha kwenye kiasi tulichotaja.

Tafadhali msikione kisima na pampu kuwa anasa ya kukatwa pesa zikipungua. Mchanga huchuja maji vizuri, lakini shimo la wazi ambamo punda hunywa na mtoto huchota humrudishia kila mtu ugonjwa ule ule. Mifugo itapewa birika lake upande wa chini, mbali na kisima.

Mawe, mchanga na maji ya kujengea hayamo kwenye hesabu hiyo, maana hayo ni mchango wetu wa mwethya, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Mchanga utatoka kwenye mtaro wa msingi wenyewe, na unatosha. Mawe yanatakiwa mita za ujazo 170 yakiwa yamerundikwa. Maji ya kuchanganyia na ya kuulowesha ukuta ni lita 25,000, yaani mitungi 1,250, na punda hubeba minne kwa safari. Kuulowesha ukuta kwa wiki tatu ni kazi inayochosha na inayopuuzwa, lakini ukuta uliokaushwa na jua ukiwa bado mbichi hupata nyufa kabla haujaona mvua.

Tutapata maji kiasi gani? Mchanga mpya na ule wa zamani uliozibiwa na ukuta utafika mita za ujazo 11,000, kwa urefu wa mita 250 za mto. Robo yake ni lita 2,750,000. Toa 750,000 za tabaka la juu linalokaushwa na jua, kisha toa asilimia 40 ya kilichobaki kwa ajili ya uvujaji na mchanga mwembamba. Zinabaki lita 1,200,000. Nyumba 120 zikichota mitungi 5 kwa siku, ni siku 100, na Januari hadi Machi tutavuka salama. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ni kirefu zaidi. Hapo mgawo utashuka hadi mitungi 4, siku 125, na zilizobaki tutategemea maji yanayorudi kutoka ndani ya kingo. Haya yatakuwa baada ya mchanga kujaa, jambo linaloweza kuchukua misimu miwili hadi minne. Hatutaki mtu achange leo akitazamia pampu itoe maji Krismasi hii.

Wenye mashamba ya mteremkoni, ombi kwenu si la pesa tu. Matuta yenu ya fanya juu (ya udongo uliotupwa upande wa juu wa mtaro) yaliyobomoka yatengenezwe kabla ya Oktoba, kwani udongo wa shamba lililoachwa wazi ndio tope litakaloziba bwawa la wote.

Nanyi ndugu zetu wa mjini, mchanga wa Ukambani umo ndani ya kuta za Nairobi, na huenda umo ndani ya ukuta wa nyumba yako. Hatukulaumu, kwa kuwa kila mtu hujenga kwa kinachouzwa. Tunakuomba mfuko mmoja wa saruji, shilingi 800, au kumi ukijaliwa. Vijana wetu waliokuwa wakipakia malori kwa ujira wa siku ndio watakaokuwa wasaidizi wa mafundi.

Nambari ya malipo imebandikwa kwenye ubao wa kanisa na itasomwa kila Jumapili. Akaunti ina watia saini watatu, mmoja wao ni mwalimu wa shule, na hakuna pesa itakayotoka bila wote watatu. Risiti zitabandikwa ubaoni kila mwisho wa mwezi. Zikipatikana 620,000 kufikia Juni mwisho, mtaro wa msingi unaanza kuchimbwa wiki ya kwanza ya Julai. Zikipungua hapo tutangoja mwaka ujao, maana msingi ulioachwa wazi mvua za mwisho wa Oktoba zikiingia hufukiwa wote.

Kukusanya mawe kunaanza Jumamosi hii saa moja asubuhi, penye mikuyu. Njooni na nyundo, wilibaro, na kila punda anayeweza kutembea.