Mizani Nimekutumia kwa Basi

Mwanangu,

Kamwene. Huku Njombe hatujambo, ila baridi ya Juni imelishika goti la mama yako. Tumesikia gari lako la kwanza la viazi limefika Dar salama, tukamshukuru Mungu kwenye ibada ya jumuiya. Halafu mama yako akaniambia ulichomweleza kwenye simu: kwamba unanunua kwa lumbesa kama wenzako wote. Usiku ule usingizi ulinipaa. Sikukulaumu wewe. Nilijikumbuka mimi.

Jambo hili sijawahi kukusimulia. Kabla hujazaliwa nami nilinunua viazi. Lumbesa yetu ilikuwa hivi: gunia likishajaa tulikuwa tunaliongezea kilemba juu, tunakifuma kwa kamba hadi linasimama kama mtu mwenye mimba, na bei inabaki ya gunia moja. Kulikuwa na mama mmoja mjane aliyeniuzia magunia kumi na moja. Alipiga magoti kwenye udongo akishona kilemba kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaniuliza, "Baba, hili ni gunia moja au moja na nusu?" Nikacheka. Nikamlipa moja.

Baada ya wiki chache nikapangiwa kusoma somo kanisani, Luka 19. Zakayo tunamjua wote tangu Shule ya Jumapili, mtu mfupi juu ya mkuyu. Lakini mti watoto wanaukumbuka kuliko mstari wa 8: "Ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Nilipofika hapo sauti ilinikauka. Baada ya maneno hayo ndipo Yesu anasema wokovu umefika nyumbani humu. Zakayo alikuwa ameshaanza kuhesabu fedha.

Nilirudi kwa yule mama na daftari langu. Nikamlipa vilemba vya magunia kumi na moja. Mara moja tu, si mara nne. Nilijiambia sina zaidi, na huo ulikuwa uongo, kwa kuwa zilikuwapo nilizoweka za mabati. Alizihesabu taratibu, akazifunga kwenye pindo la kanga, akanitazama. "Na za mwaka jana?"

Sikuwa na jibu. Nilizipeleka baadaye, kidogo kidogo, na mabati yakasubiri. Ndiyo maana jiko letu lilikaa na nyasi muda mrefu vile. Mlikuwa mnaniuliza, nami nazungusha maneno.

Sasa wewe utaniambia: baba, dalali wa mjini anahesabu magunia, nikinunua kwa kilo wenzangu watanipiku. Ni kweli, na hasara utaiona, hasa msimu wa kwanza. Sitakudanganya kwamba Mungu atakufidia mwezi ujao, maana wanaoahidi hivyo wengi wao hawajawahi kununua hata debe. Ninachokijua ni kwamba wakulima huambiana. Miaka miwili baada ya mimi kuanza kununua kwa mizani walikuwa wananipigia simu ya jirani kabla hawajachimba, wanasema watamsubiri yule wa mizani.

Na sadaka, mwanangu. Najua unatoa fungu la kumi bila kukosa, mchungaji wako alinisifia. Lakini kumi ya kilemba cha mjane bado ni ya mjane. Mithali inasema "mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA", na hapo hakuna mahali palipoandikwa isipokuwa zaka imetolewa. Kama kuna uliowapunja kwenye gari lile la kwanza, anza nao kabla ya kunijibu barua hii. Majina unayo kwenye daftari.

Mizani yangu ya kuning'iniza nimeifunga kwenye lile blanketi la kijivu. Ndoano imepinda kidogo, springi ni nzima. Usiitumie kabla hujaipeleka kwa watu wa Wakala wa Vipimo waikague. Basi linaondoka hapa asubuhi, kwa hiyo wahi stendi ya Makambako mapema, wasije wakapitiliza nayo hadi Iringa.

Baba yako