Vijana wa Kisauni wapeni kazi, semina zimetosha

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni, kila nikisikia redioni habari ya magenge ya vijana huku Kisauni naona tunazunguka palepale. Usiku watu wamekatwa mapanga, kukicha ni msako, vijana wanabebwa mpaka aliyekuwa ametumwa unga dukani, wazazi wanahangaika huku na huku wanatolewa, wamerudi maskani na sasa wana jina kubwa kuliko jana. Halafu ndio zinakuja semina. Soda, tisheti yenye maandishi mgongoni, mheshimiwa anahutubia, picha, kwaherini.

Mi nafunza mpira watoto wa mtaani na nawaambia, hawa watoto wameshaambiwa mpaka masikio yamechoka. Hebu jiulizeni genge linampa nini mtoto wa miaka 14. Linampa cheo! Kuna wa kuangalia njia, kuna wa kubeba mzigo, kuna wa kutuma wenzake, akipita hata watu wazima wanampisha. Nyumbani kwao ni mdomo mmoja zaidi wa kulisha, shuleni ni yule anayerudishwa kila muhula sababu ya karo, sasa wewe na hotuba yako ya asubuhi moja utashindana na hiyo kweli?

Wenzetu wa Mathare walishaliona hili kitambo. MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, ilianza 1987 kule Nairobi, mpira na usafi wa mtaa kwa pamoja, timu ikitoka kuzoa taka na kuzibua mitaro inaongezewa pointi kwenye ligi, na wanaoendesha mambo ni vijana wenyewe, wanachaguana kwenye kamati, na anayejitolea sana anaweza kusaidiwa karo. Humohumo ndio ikatoka timu ya Mathare United, na 2008 wakabeba ubingwa wa ligi kuu ya Kenya. Watoto wa kuzoa taka hao jamani.

Mimi nimeiga kidogo tu. Kuna kijana hapa kwetu, simtaji, alikuwa anajulikana vizuri na kituo cha polisi wanamjua, nikamkabidhi wale wadogo, daftari la majina ni lake, mipira ahesabu yeye jioni, na mtoto akikosa kuja aende mpaka kwao akaulize kuna nini. Wazazi walinijia juu ati nimempa fisi bucha, na kweli mwanzoni alikuwa anakuja macho mekundu kwa muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, na mipira ikapungua. Nikakaa naye, sikumnyang'anya daftari. Juzi namkuta kamshika mtoto wa darasa la tatu anamgombeza kwa nini amekuja mpirani bila kupitia madrasa, nikacheka kimoyomoyo maana yeye mwenyewe hiyo madrasa aliikimbia. Malaika si malaika, bado ananipandisha presha, lakini watoto wanamwita kochi na naona siku hizi maskani haonekani sana, atakaaje kule na saa kumi anasubiriwa uwanjani.

Kwanza Sheria ya Watoto ya 2022 inaruhusu kesi ya mtoto iondolewe kwenye njia ya mahakama, apewe masharti na asimamiwe. Sawa, lakini atakayemfuatilia kila siku ni nani? Watu tunao, makocha, maustadhi, mafundi wa gereji, mama wa mahamri ambaye hao vijana wanamwogopa kuliko OCS, mkuu wa kituo cha polisi, ila hakuna anayewaita wala kuwapa hata nauli ya matatu, hela yote imeishia kwenye ukumbi wa semina.

Sasa ombi langu kwa mwakilishi wadi wetu na wakuu wa shule za umma, viwanja vya shule Jumamosi na Jumapili vimefungwa kufuli na vijana wamejaa nje ukutani wamekaa tu. Tufungulieni kuanzia saa tisa mpaka magharibi. Mlinzi tutamchangia wenyewe, na kufagia tutafagia.

Mzazi na kocha wa mtaa,
Kisauni, Mombasa